Mwaka wa Kumtafutia Mwalimu Kwao

Mwaka nilipoanza masomo ya jioni katika ukumbi wa Kaloleni niliamini, kwa moyo wangu wote na akili yangu yote, kwamba mwalimu wetu alikuwa mjukuu wa mfalme wa Uyunani. Sikuwa mtoto. Nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu, karani katika stoo ya reli, mwenye chumba cha kugawana kule Makongeni. Habari yenyewe ilikwenda hivi: wakati wa vita vya Wazungu, mtoto mchanga wa ukoo wa kifalme alifichwa ndani ya pipa la mafuta ya zeituni, akapakiwa melini mpaka Mombasa, akapandishwa gari la moshi pamoja na mizigo, na pipa lilipofunguliwa Nairobi jua la njiani lilikuwa limekwisha kumchoma akawa mweusi kuliko mimi. Jua lilimfikiaje ndani ya pipa, sikuuliza. Ndiyo sababu, walisema, hakuna aliyejua kwao. Ndiyo sababu alijua Kiyunani. Na ushahidi ulikuwepo! Kila jioni kabla ya somo aliketi kwenye ngazi za ukumbi akila vitunda vyeusi kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa, akitema kokwa kwa adabu ndani ya kiganja. Zilikuwa zambarau. Zambarau nilizijua tangu utotoni, nimepasua suruali juu ya miti yake, lakini zikifika mdomoni mwake ziligeuka zeituni, na mimi nilikuwa nikisimama wima akipita, mikono ubavuni, nusura nipige saluti.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu tumemzika Mutiso, mwenzangu wa darasa lile. Mazishi yenyewe yalikuwa kwao Ukambani, ambako magoti yangu hayakuniruhusu kwenda, lakini Jumapili iliyofuata binti yake alituita kwake Kayole kwa maombi, na huko, kwenye ghorofa ya juu kabisa ambayo nadhani ilijengwa ili watu wafike mbinguni kabla ya wakati wao, nilimkuta Khavere. Darasa letu lililojaza ukumbi limebaki mimi na yeye. Tulikaa kwenye kochi, kila mmoja na kikombe chake cha chai na mandazi juu ya goti, tukisikiliza nyimbo, na katikati ya ubeti akaniinamia akaniuliza, "Wafula, unakumbuka ulivyokuwa ukimsimamia wima Mwalimu?" Nikacheka hata chai ikamwagika. Kisha hatukucheka tena. Mwalimu Zakaria alituacha miaka mingi iliyopita, na alizikwa na watu wake mwenyewe, jambo ambalo hata leo nalishukuru, maana ulikuwepo mwaka mmoja ambapo kidogo tu lisiwezekane.

Ukumbi ulitumiwa na watoto wa chekechea mchana, na sisi wakubwa tuliurithi jioni pamoja na madawati yao. Hebu fikiria makarani, madereva na wapiga taipu wamekaa kwenye viti vya kimo cha kuku, magoti yakigusa masikio, wakijifunza habari za Roma. Kulikuwa na harufu ya uji uliomwagika na ya chaki. Mwalimu Zakaria alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa makamo, mwenye koti moja la kijivu lililoshonwa viwiko mara nyingi kiasi kwamba viwiko vilikuwa ndiyo sehemu mpya ya koti. Kiyunani alikipata kwa kazi. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa Wazungu waliokuwa wakitafsiri Maandiko, akiwasahihishia Kiswahili chao, na kwa kuwa hakupenda kusahihisha asichokielewa, alijifunza lugha waliyokuwa wakitafsiri. Walipomaliza walirudi kwao, naye akabaki na lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Haya yote alituambia mwenyewe, waziwazi, lakini mtu aliyekwisha kuamini pipa la zeituni hasikii.

Mutiso ndiye aliyeanzisha habari za maneno. Alikuwa dereva wa lori la mkate, na alikuja darasani na harufu ya mkate shatini hata njaa ikatuvuruga hesabu. Tulikuwa tunasoma Injili kwa ajili ya mtihani. Akainua mkono. "Mwalimu, huu ufalme wa Mungu. Hao walioandika, walipokuwa wakisema mfalme, walikuwa na mtu wa namna gani kichwani?" Sisi wengine tukaguna, maana swali hilo haliwezi kuja kwenye mtihani. Lakini Mwalimu alikiweka kitabu chini taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akaandika ubaoni: basileus.

"Hili ndilo neno lao la mfalme," alisema. "Lakini halikuanza likiwa neno la mfalme."

Akatueleza kuhusu vibao vya udongo vilivyochimbwa huko Uyunani, vya zamani kuliko vitabu vyao vyote, vilivyoandikwa kwa alama za silabi kabla hawajapata alfabeti. Vibao hivyo havikuokwa makusudi. Vilikuwa udongo mkavu tu, na moto ulioteketeza majumba ya wafalme ndio uliovichoma vikawa vigumu, vikadumu. Ndani yake neno letu linaonekana likiwa qasireu. Na huyo qasireu hakuwa mfalme. Mfalme wa jumba alikuwa na cheo chake kingine, wanaks. Qasireu alikuwa mkubwa tu wa mahali, na mara kwa mara anatajwa pamoja na wafua shaba: mtu wa kupokea shaba na kuona imegawiwa kwa mafundi.

"Kumbe nyapara!" Mutiso akasema.

"Karibu na hapo. Halafu majumba yakaungua. Wafalme wakapotea pamoja na ukuu wao. Kule vijijini akabaki nani?"

"Nyapara wa shaba. Akapandishwa cheo."

"Hakupandishwa, Mutiso. Waliokuwa juu waliondoka."

Kicheko kilipotulia, Khavere, mpiga taipu wa ofisi moja ya mjini, msichana wa Maragoli ambaye hakuwahi kuuliza swali moja bila kuwa na la pili tayari, akauliza neno lilikuwaje kabla ya vibao. Mwalimu akafuta ubao kwa kiwiko kipya cha koti, akaandika gwasileus, na mbele yake akachora nyota ndogo. Mwanzoni, alisema, palikuwa na tamko la g na w kwa pamoja, la koo na la midomo. Baadaye midomo ikalishinda koo, ikawa b. "Na nyota ni ya nini?" Khavere hakumwachilia. "Nyota inasema hakuna aliyewahi kuliona neno hili limeandikwa wala kulisikia likitamkwa. Tumelijenga upya kwa kutazama yaliyobaki. Ni dhana njema. Lakini ni dhana." Kisha akatufanya tulione jambo lenyewe kwa vinywa vyetu. Akamwambia Mutiso aseme mtu kwa Kikamba. Mundu. Khavere kwa Kimaragoli. Mundu. Mimi kwa Kibukusu. Omundu. Kwa Kiswahili, mtu. Akaandika yote kwa safu, akashuka chini ya safu, akachora nyota, akaandika muntu. Sijui nilieleze vipi jambo lile. Tulikuwa watu wa madawati ya watoto, ambao mchana tuliitwa "wewe" na wakubwa wetu kazini, na hapo ubaoni lilikuwepo neno ambalo babu wa mababu zetu sote walilisema kabla hawajaachana njiani. Nilijiona kama nimekua futi mbili, na kwa kuwa nilikuwa mfupi, zilihitajika.

"Na Wayunani," Mutiso akarudia swali lake, "hilo la mfalme walilitoa wapi?"

"Halifanani na maneno yao ya kurithi. Halina ndugu katika lugha za jamaa zao. Wengi wanadhani walilikuta kwa watu waliokuwa wakikaa pale kabla yao."

"Watu gani?"

"Jina lao hatulijui. Lugha yao imekwisha."

"Basi hilo neno halina kwao, maskini."

"Lina kwao," Mwalimu akasema, akikung'uta chaki. "Lilikuwa kwao wakati wote. Waliokuja ni hao wengine."

Toka siku hiyo nilikuwa mgonjwa wa maneno. Jumamosi moja mchana Mwalimu alitupeleka sisi watatu Kamukunji, tuwaone mafundi wa bati, na kelele za nyundo pale zilikuwa za kuamsha wafu wa Agano la Kale. Katikati yao alisimama mzee mmoja aliyekuwa akigawa mabati yaliyotoka kwenye mapipa yaliyopasuliwa, huyu hiki, yule kile, na ugomvi ulipozuka juu ya kipande kizuri alisema neno moja tu, nao wakatulia. Mwalimu akatuinamia akatupigia kelele masikioni, "Huyo! Huyo ndiye qasireu!" Yule mzee akageuka, akamwona, akamwinulia mkono kwa heshima kama mtu anayemjua siku nyingi. Jambo hilo nililiona na halikunishughulisha. Nilikuwa nikifikiri juu ya Uyunani.

Kutoka hapo tulikwenda kula chumbani kwake, Shauri Moyo, na hiyo ikawa desturi yetu ya Jumamosi. Alipanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya karani wa baraza la jiji, mtu mwema mwenye watoto wengi. Kitanda, meza, jiko la makaa, kamusi mbili zilizovuliwa majalada na matumizi. Na mapishi! Nimekula harusini na nimekula hotelini, lakini sijawahi kula kama nilivyokula mle. Jumamosi moja ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika, na Mutiso alikula akiwa amefumba macho, akasema, "Mwalimu, hii ni ya mama yangu hasa. Umeiba wapi?" Jumamosi nyingine ilikuwa mrenda unaovutika kutoka sahani mpaka kidevuni, na Khavere akaacha kijiko akatumia mkono. Nyingine wali na mchuzi wa nazi, na sote tukanyamaza kwa kutojua aliyeibiwa ni nani. Alinisalimia mulembe bila kuikosea sauti. Kwa Mutiso alisema wi museo. Akipuliza makaa alikuwa akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mimi niliujua kwa shangazi zangu. Kwa hesabu zangu za wakati ule, hii ilizidi kuthibitisha ufalme: nani mwingine, kama si mwana wa mfalme, angefunzwa mambo ya kila kabila?

Mvua za masika zilipokwisha, akaanguka. Alikuwa ubaoni. Chaki ilitangulia kuanguka, kisha mkono wa kulia ukateremka, kisha nusu ya uso ikashuka kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Alitutazama kama mtu aliyesahau kitu, akaketi sakafuni taratibu, kwa adabu ileile ya kutema kokwa. Mutiso alimbeba mgongoni mpaka kwenye lori, tukamlaza kati ya kreti tupu za mkate, na njia nzima ya kwenda hospitalini Khavere alimshika kichwa, akimwambia, "Mwalimu, sema nami. Sema chochote. Sema hata Kiyunani." Hakusema. Uhai ulirudi, maneno hayakurudi. Alielewa kila kitu, hilo lilionekana machoni, lakini akifungua kinywa kilitoka kisauti kimoja kilekile, na mwenyewe akikisikia alikunja uso kwa fedheha. Mtu ambaye angeweza kukuambia neno lilivyotamkwa kabla ya majumba ya wafalme kuungua, hakuweza kuomba maji.

Hospitalini vitanda vilikuwa na watu wawili wawili. Daktari, kijana aliyechoka, akatuita kando. "Amenusurika. Sasa anahitaji watu wa kumgeuza, kumlisha, kumfunza kutembea. Mpelekeni kwao."

"Kwao ni wapi, daktari?" nikauliza.

"Nyinyi si ndio mnamjua?"

Hapo ndipo ile hadithi ya pipa iliponifia ghafla, bila mtu kuipinga. Ukimwona mtu amelala hivyo, amefunikwa shuka la serikali, hutafuti tena mfalme. Unatafuta mama, dada, mtu wa kuja na uji. Tulimrudisha Shauri Moyo tukamhudumia kwa zamu, Mutiso asubuhi kabla ya lori, Khavere saa ya chakula, mimi kutoka kazini. Lakini yule karani mwenye nyumba, akikwepa macho yetu, alisema watoto wake wamekua na chumba anakihitaji mwezi ukiisha. Na kama hatukuwapata watu wake, ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imekwisha kutuambia pa kumpeleka: nyumba ya wazee wasio na mtu, upande wa pili wa mji, ambako nilikwenda kupatazama mara moja. Wazee walikuwa wameketi kwenye benchi, wametazama ukuta. Hakuna aliyewaita kwa jina.

Msomaji kijana huenda asielewe hofu yetu. Nairobi wakati ule ilikuwa mahali pa kazi. Tulikuwa na vitanda Nairobi, makanisa Nairobi, hata watoto tuliwazalia Nairobi, lakini hakuna mtu wa mtaani aliyekuwa na kwao Nairobi. Kwetu ni kule mabasi yanakokwenda Krismasi. Mtu asiye na kule tulimhurumia kama mtu asiye na kivuli. Kwa hiyo tuliposema tumtafutie Mwalimu kwao, tulichomaanisha ni kwamba ipo wilaya fulani, mlima fulani, boma fulani, na kazi yetu ni kuligundua.

Na nani wa kuligundua kama si mimi, bingwa wa maneno? Nilichukua chaki za ukumbi, nikaandika ukutani mwa chumba chake, kwa safu kama alivyotufundisha, kila neno tulilokumbuka kutoka kinywani mwake. Mwalimu alikuwa amelala akitazama. Mutiso alikuwa akipinga kila mstari.

"Muthokoi ule haupikwi na mtu aliyejifunza ukubwani. Huyu ni wa Machakos. Weka hapo Machakos."

"Na mrenda je?" Khavere akamjia. "Mrenda ulimwotea akiwa Machakos? Tena anaweka chumvi ya majivu, kama nyanya yangu."

"Wacha wewe. Kila mtu Nairobi siku hizi anakula mrenda."

"Wewe hukuuweza, ulikohoa mpaka majirani wakaja!"

"Jina ni Juma," nikatoa hukumu. "Zakaria Juma. Kwetu Bungoma Juma ni wengi kuliko kuku. Na ule wimbo wa mtoto ni wa kwetu. Mtu hujifunza mapishi popote, lakini wimbo wa kubembelezwa hujifunza mgongoni."

Nilijisikia kama mtu aliyechimbua kibao. Kila tulipomwuliza Mwalimu mwenyewe, "Kwenu ni wapi?" aliinua mkono wa kushoto, uliokuwa mzima, akaelekeza mlangoni, na sisi tukadhani anataka hewa tukafungua mlango. Akaelekeza tena. Tukaufungua zaidi. Machozi yalimtoka, nasi tukaambiana kwamba analilia nyumbani, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Nilituma ujumbe kwa mjomba wangu. Jibu likaja kwamba karibu na Webuye yupo mzee ambaye kaka yake alishuka Nairobi zamani, hakuonekana tena, na huenda aliacha mtoto. Mzee alikuwa amesema: mleteni, tumtazame. Niliruka kama nimeshinda mtihani. Nikaandika Webuye ukutani, chini ya safu zote, kwa herufi kubwa, nikamsaidia Mwalimu kuketi, nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaitaka chaki, nami nikampa. Akajivuta mpaka ukutani, nami nikimshika kiwiko, akachora mbele ya Webuye nyota. Ilikuwa imepinda, miguu yake haikulingana, lakini ilikuwa nyota.

"Amekubali!" nikasema. "Mmeona? Ametia alama!"

Khavere hakuwa akicheka. "Wafula, nyota hiyo unaijua. Alitufundisha mwenyewe. Maana yake hakuna aliyeona."

"Maana yake tumelijenga upya vizuri."

"Maana yake ni dhana. Na yule mzee wa Webuye naye? Utamshushia mtu kwenye basi, umwambie mtazame, atatazama nini?"

"Wewe una pengine?" nikamwuliza, kwa ukali ambao haukumstahili yeye. "Mwezi unaisha. Ukiwa na pengine, sema." Mutiso alikuwa amekaa kwenye kreti ya mkate, ametazama mikono yake. Mwalimu aliulalia mto akageukia ukuta, na chaki ikabaki ngumini mwake mpaka alipolala. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Njia aliyotufundisha haikuwa na kosa. Nilikosea pa kusimama. Niliyatazama yaliyobaki, nikayapanga, nikauliza yametoka mbali gani. Sikujiuliza kama yametoka mbali hata kidogo.

Siku ya safari tulimvalisha koti la kijivu. Khavere alifunga chakula ndani ya kitambaa: viazi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Basi la Webuye lilikuwa linaondoka asubuhi, na lori la Mutiso lilikuwa mlangoni likinguruma. Tulikuwa tumemwinua, mimi kwapani huku, Mutiso kwapani kule, tunavuka kizingiti, wakati mwanamke mmoja mnene, wa makamo, aliyejitanda leso mbili, alikuja mbio kutoka upande wa barabara kuu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alisimama mbele yetu akipumua. Hakutusalimu. Alimshika Mwalimu mashavu kwa viganja vyote viwili, lile zima na lile lililolegea, akamwita, "Zaka. Zaka wangu. Nimekwenda Tanga kumlea mzazi aliyejifungua, narudi naambiwa hivi?" Na Mwalimu, kwa kile kisauti chake kimoja alichokionea fedheha, alilia bila fedheha yoyote, kichwa begani mwake, hata uzito wake wote ukahama kutoka kwetu ukaenda kwake.

Kisha akatugeukia. Alisema jina lake ni Saida na kwamba yeye ni dada yake, mama mmoja. "Nyinyi ndio wanafunzi wake? Mungu awalipe. Sasa mnampeleka wapi na hilo lori?"

"Kwao, mama," nikasema. "Webuye."

"Webuye?" Alilitamka kama mtu anayeonja dawa. "Nani kawaambia Webuye?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza juu ya muthokoi, na mrenda wenye chumvi ya majivu, na mulembe, na wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho, sipingi, kwa subira kubwa, kiatu bado mkononi. "Muthokoi alifunzwa na mpangaji wetu, Mkamba wa chumba cha mbele. Mrenda ni wa mama mmoja wa Maragoli aliyekaa kwetu hata akazeekea pale. Na aliyembeba mgongoni mama akiwa sokoni ni msichana wa kwenu huko, alikuwa akiimba mchana kutwa. Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba, mwanangu. Vyumba vina watu." Akamfuta Mwalimu mdomo kwa pindo la leso. "Kwani hamkumwuliza kabla hajaugua?"

"Tulimwuliza," Mutiso akasema.

"Akasema nini?"

Khavere ndiye aliyepata ujasiri. "Alisema ni hapa hapa, unavuka barabara tu. Tulicheka, mama. Tulidhani ni utani."

Tulikuwa tumeuliza Machakos. Tulikuwa tumeuliza Bungoma na Maragoli, na tungeuliza mpaka Kisumu kama mwezi ungekuwa mrefu. Ng'ambo ya ile barabara palikuwa na mtaa wa Majengo, mapaa ya mabati yakionekana kutoka pale pale tuliposimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba pale mtu anaweza kutoka. Niliuliza swali langu la mwisho kwa sauti ndogo, kwa kuwa nilitaka kulisikia jibu kwa masikio yangu na si kulijenga.

"Basi kwao hasa ni wapi, mama?"

"Ni Majengo," Bi Saida akasema. "Alizaliwa hapo, nyumba ya mama yetu, chumba cha nyuma, na maji ya kumwogesha nilichota mimi. Hana kwingine."